Mlango Aliouomba Tumpe

Mwanangu Bupe,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya kuambiwa. Amekuambia hela uifiche wapi ukifika mpakani, na ukiingia Karonga kwa shangazi yako umsalimie nani kabla ya nani. Begi lako amelifunga, akalifungua, akalifunga tena. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimebaki huku karakana, watu wameshakwenda zao, na mgongo unaniambia niende nyumbani nikajinyooshe. Lakini najua nikifika nitawakuta wageni waliokuja kukuaga, nitakaa kwenye kiti changu nikitabasamu kama mtu aliyepigwa picha, na ninalotaka kusema sitalisema. Mdomo wangu ni mzito mbele ya watu, unanijua. Kwa hiyo nakuandikia.

Ni yale maneno yako ya juzi tukila. Ulisema shangazi akikukabidhi ile karakana yake, siku ya kwanza tu utapiga marufuku sigara, na atakayetoka nje kuvuta utamkata muda wake. Mama yako akacheka, akaniambia, "Mwanao huyo." Mimi sikucheka. Ukaniuliza kama nimechukia, nikakujibu kwamba nimechoka. Nimechoka kweli, Bupe, huo haukuwa uongo. Ila nilikuwa namfikiria Tumpe.

Tumpe unamkumbuka, yule aliyekuwa anapiga msasa pale mbele, upande wa barabara. Ulirudi likizo kutoka chuo cha ufundi ukakuta hayupo, ukaniuliza. Nikakujibu, "Ameacha. Mambo ya wanawake." Ukanitazama kidogo, ukaenda zako. Sasa unakwenda kusimamia watu wa kwako, na nisingependa uondoke na lile jibu. Hayakuwa mambo ya wanawake. Yalikuwa yangu mimi, na yalianzia kwenye sigara.

Wakati naanza hapa Mbugani kila mtu alivuta alipotaka. Mimi mwenyewe nilivuta huku nimeshika randa. Sadiki, fundi wetu wa rangi, alivuta kopo la tina ya kuyeyushia rangi likiwa wazi katikati ya magoti yake, na nikimsema ananijibu, "Bosi, moto huu unanijua." Basi siku moja moto ukamsahau. Kipisi kiliangukia kwenye maranda, yakafuka chini kwa chini bila mwali, na sisi tunaendelea kupiga kazi. Harufu tunaisikia, tunadhani ni jirani anachoma takataka. Tulipogundua, tulishinda tukimwaga maji kwa ndoo, na kabati la mteja lililokuwa tayari limepigwa vanishi likavimba miguu yote.

Nikapiga marufuku, kama unavyotaka wewe. Marufuku yangu haikumaliza hata wiki. Sadiki alihamia chooni, ikawa mtu akienda haja anakuta choo kinafuka kama tanuru la matofali, anarudi analaani. Wengine walijificha nyuma ya mbao zilizopangwa, ambapo ndipo pabaya kuliko kote. Nilichoka kuwanusa watu midomo kama mwalimu wa zamu. Ndipo nikaweka lile benchi kule nyuma, chini ya miti ya kokoa, nikaweka na ndoo ya mchanga ya kuzimia. Anayetaka kuvuta akavutie pale na si kwingine. Ilikuwa kanuni nzuri, na hadi leo nasema ilikuwa nzuri. Hakuna kilichoungua tena.

Lakini unajua kiwanja chetu kilivyo. Mbele ni barabara. Nyuma ni choo, bomba na kivuli. Katikati ni ule uchochoro mmoja, kati ya ukuta na banda la mbao. Benchi nililiweka mdomoni kabisa mwa uchochoro, kwa sababu ndipo penye upepo. Kila aliyekwenda kunywa maji au kujisaidia ilibidi apite magotini mwa waliokaa. Sikuona ubaya. Mtu akipita tunamtania, naye anatutania, maisha yanaendelea.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Lusajo, yule wa kwaya. Havuti, hanywi, na dhambi za wenzake anazo zote kichwani. Alinijia siku moja na uso wa msiba. "Bosi," akasema, "hapa mwenye sigara anapumzika kila akijisikia. Sisi tusiovuta tunapumzika lini? Au wokovu nao una adhabu yake?"

Nikamjibu kwa utani, "Na wewe toka ukaombe."

Kweli akaanza kutoka. Sadiki akiinuka na sigara, Lusajo naye anainuka, anakwenda kusimama kwenye kona ya banda amefumba macho, na akimaliza, Sadiki anamwitikia amina kutoka kwenye benchi. Watu walicheka sana, mimi nikiwa wa kwanza. Ila kijana alikuwa amesema kweli na nilijua. Pale kwenye benchi hatukuwa tunavuta tu. Pale ndipo nilipogawa kazi. Oda ya milango ikija, tunaizungumza pale, na aliyekaa karibu yangu ndiye anayeondoka nayo. Lusajo alikuwa na mkono mzuri wa patasi kuliko sisi wote, na alikaa muda mrefu akiunga stuli za jikoni, kwa sababu tu hakuwa na cha kuwashia kiberiti.

Nikaamua kutenda haki. Nikatundika rimu ya gari pale juu, asubuhi ikigongwa wote tunaacha kazi tunakwenda nyuma kwa chai na ndizi za kuchemsha, na alasiri tena. Anayevuta na asiyevuta, sawasawa. Kazi nikawa nazigawa pale mbele ya wote. Lusajo akapata milango yake na akaacha kuomba saa za kazi. Nilijiona mtu wa haki kupindukia. Nikamsimulia mama yako, naye akaniuliza, "Wote mnakwenda nyuma?" Nikamwambia wote. Akanyamaza. Mama yako akinyamaza huwa kuna jambo, lakini siku hiyo nilikuwa nimeshiba sifa zangu mwenyewe.

Hatukuwa tunakwenda wote. Tumpe alibaki mbele, kwa sababu ya Mzee Ambilikile.

Mzee Ambilikile ndiye aliyekufundisha kunoa patasi kabla hujajua kuandika jina lako sawasawa, na mimi alinifundisha vivyo hivyo kabla yako. Nilipofungua hapa alikuja kunisaidia kwa muda kidogo, na hajaondoka mpaka leo. Kwa sigara hakuna aliyemfikia. Moja huiwasha kwa nyingine, na huvuta polepole kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Tumpe ni mke wa Gwakisa, na Gwakisa ni mwana wa Mzee.

Gwakisa alipokuja kumwombea mkewe kazi nilisita. Mila yetu unaijua. Mke wa mwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso, hawapishani kwenye njia moja, jina halitajwi. Ulimwona mama yako alivyoishi na babu yako kule Bondeni: akisikia kikohozi chake tu, anaingia kwenye migomba na ndoo yake kichwani, anasimama humo hadi mzee apite. Siku hizi wengi wameacha, hasa hawa wa mjini. Mzee Ambilikile hajaacha, na Tumpe alilelewa Makwale na bibi yake, ambaye kwa mambo hayo hakuwa na mchezo. Nikasema basi, karakana ina mbele na ina nyuma. Mzee atakaa huko kwenye mashine, Tumpe atakaa huku kwenye msasa. Mzee akitaka kuja mbele atakohoa, Tumpe atatoka kidogo barabarani.

Ikawa hivyo, na ikapendeza. Wateja wazee walisimama kuangalia, wakaniambia, "Kwako bado kuna heshima." Nami nikavimba kichwa, kana kwamba heshima ile niliichonga mwenyewe.

Rimu ikigongwa, sisi tunakwenda nyuma, yeye anabaki. Nilisema anatulindia vitu. Lusajo alimpelekea chai, na mara nyingi kikombe kilirudi vilevile kilivyokwenda. Nilidhani hapendi chai yetu. Na kuhusu Mzee, ile rimu haikumhusu. Ningemwambiaje mtu aliyenishikisha msumeno kwamba asubiri kengele? Aliinuka alipotaka, akakaa pale mdomoni mwa uchochoro muda aliotaka, sigara juu ya sigara, na mara nyingi nilikaa naye, kwa sababu maneno yake ni matamu na mimi nilikuwa mvutaji. Tukikaa sisi, njia imefungwa. Tukiinuka, Tumpe amekwisha kuanza kupaka vanishi, na vanishi ukiiacha nusu inakuaibisha. Hivyo akajifunza kutokunywa maji tangu asubuhi hadi anaporudi kwake. Katika joto hili la Kyela, Bupe, akisugua mbao, vumbi kooni.

Sikuyajua hayo. Nilichokijua ni kwamba haondoki kwenye kazi. Nikawa namsifia mbele ya wenzake. "Mtazameni Tumpe, tangu asubuhi hajainuka. Ninyi kutwa mnapumzika kama machifu." Yeye anainama zaidi kwenye msasa wake, anatabasamu. Nikikumbuka lile tabasamu naona aibu hadi masikioni.

Kisha siku moja wenzake wako nyuma na mimi nimepita mbele kuchukua futi, akaniita.

"Baba Bupe."

"Naam."

"Huu ukuta wa kando, hauwezi kutobolewa mlango mdogo?"

"Mlango wa kwenda wapi?"

"Wa kuzungukia tu. Mtu apite kando kwa jirani, atokee nyuma kule."

Nikacheka. Nikamwambia, "Tumpe, unataka wezi waingie kwa heshima?"

Naye akacheka, mkono mdomoni. "Haya," akasema, "nilikuwa nauliza tu." Akarudi kwenye kazi yake.

Mimi ni fundi milango. Ukipita mtaa wowote wa mji huu utaona mlango niliouunga. Mtu akiniambia mlango wake haufungi, naugusa tu najua ni bawaba ipi imekosea. Na mwanamke alisimama mbele yangu akaniomba mlango, nikamfanyia mzaha. Ulitaka anielezeje zaidi? Aniambie mimi, mwanamume niliyeketi benchi moja na mkwewe, kwamba mkojo umembana na baba mkwe yuko njiani? Alikwisha kusema hadi pale heshima ilipomruhusu kufika. Kipande kilichobaki kilikuwa changu kukitembea, nami sikukitembea.

Lile joto la kabla ya mvua unalijua, ambapo hata upepo wa ziwani unakuja umechemka. Tulikuwa na kitanda cha harusi cha kumaliza. Mimi nilikuwa napima fremu, na nilichokisikia ni msasa kunyamaza. Nikageuka. Tumpe alikuwa amekaa chini ameegemea mguu wa kitanda, anatetemeka kama mtu wa Tukuyu kwenye baridi ya asubuhi. Nikamgusa paji la uso, nikaondoa mkono. Lusajo akakimbia kusimamisha bajaji.

Mzee alisikia kelele, akaja hadi mwisho wa banda la mbao. Alipoona ni nani aliye chini aligeuka akatupa mgongo. Akabaki amesimama vile, uso ukutani, anauliza, "Ni nani? Ni nani ameanguka?" Alijua ni nani. Hakuwa na namna nyingine ya kuuliza kama yu hai.

Nesi aliyempokea hospitali alikuwa mgeni hapa, wa mkoa mwingine, anasema haraka haraka na hana muda wa kupoteza. Alitazama kile kichupa cha mkojo kwenye mwanga, akamtazama Tumpe.

"Dada, hunywi maji?"

"Nakunywa nikirudi nyumbani."

"Na mchana?"

Tumpe akageukia ukutani. Nesi akauliza tena, "Mchana kuna nini?"

"Baba mkwe anakuwa anavuta," Tumpe akasema.

Nesi akanitazama mimi. "Anavuta, ndiyo nini?"

Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa. Yote yaliniingia kwa mara moja, kikombe cha chai na mlango na kila kitu. Nikaanza kumweleza nesi habari za mila yetu, jinsi mkwe na mkwe wanavyoheshimiana, nikaeleza na pasipohitajika, ili mradi nisinyamaze. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, bila ukali, "Nimekuelewa, baba. Hilo benchi nalo liliwekwa na mila, au uliliweka wewe?"

Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi la mbao.

Hakuna aliyejua, isipokuwa Gwakisa, kwamba Tumpe alikuwa na mimba changa. Ilitoka akiwa wodini. Daktari hakusema ni kwa sababu ya yale. Alisema homa ilikuwa kali, uchafu wa mkojo ulikuwa umepanda hadi kwenye figo, na kwamba mimba changa hutoka kwa sababu nyingi. Yale maneno "sababu nyingi" niliyashika kwa muda mrefu. Nililala nayo, nikaamka nayo. Mtu mwenye hatia hakosi pa kujiegemeza. Ingekuwa mjukuu wa kwanza wa Mzee Ambilikile.

Niliporudi karakana nilichukua nyundo na tindo nikautoboa ule ukuta. Sikumwita mtu. Nikaweka mlango wa mninga, mbao nilizokuwa nimemwekea mteja. Ndio ule mlango mdogo wa kando unaoupita kila siku ukienda kunawa, uliowahi kuniuliza kwa nini mlango wa uani umepewa mninga. Benchi nililing'oa nikalipeleka kule kwenye ukingo wa shamba la kokoa, mbali na njia. Ilikuwa kazi ya nusu siku tu, mwanangu, yote hiyo. Tumpe hajaupita mlango ule hata mara moja. Alitoka hospitali, Gwakisa akampeleka Makwale kwa bibi yake, wakabaki huko wanalima mpunga.

Baada ya hapo nikawa mkali. Nikakataza sigara popote, nikagomba, nikamfukuza Sadiki aliyekuwa hana kosa lolote siku hiyo zaidi ya kunuka moshi. Nilitaka sigara ndiyo iwe na makosa. Baada ya wiki chache nilimfuata nyumbani kwake nikamrudisha, akaja bila maneno mengi, na hilo namshukuru. Mimi mwenyewe niliacha kuvuta baadaye, kwa sababu ya kifua, wala usinipe sifa.

Mzee nilimweleza mwenyewe. Alisikiliza amekaa kwenye gogo, mikono magotini. Ningependa kukuambia kwamba aliacha sigara, ingependeza kuisoma. Hakuacha. Ila hajakaa tena kwenye benchi lile wala lingine. Anavutia barabarani, juani, amesimama, na ukimpelekea kigoda anakuambia miguu yake inataka kunyooka. Umemwona mara nyingi ukadhani ni ukaidi wa uzee.

Siku moja akaniambia, "Mimi siwezi kusimama mbele yake nikasema. Wewe unaweza. Nipelekee pole yangu."

Nikamwambia nitaipeleka. Sikuipeleka. Makwale si mbali, pikipiki inakufikisha kabla kiti hakijakuchosha. Lakini kulikuwa na oda, kukawa na msiba, mvua zikakata njia, mpunga ukavunwa ukapandwa tena. Aliniuliza, "Ulifika?" nikasema bado. Baadaye akaacha kuniuliza kwa mdomo. Nikifika asubuhi ananitazama tu, halafu anawasha sigara yake.

Huko Karonga uendako ni ndugu zetu, wana heshima zilezile, na utawakuta wavutaji, walokole, wakwe, na watu wasiosema shida zao. Usije ukadhani nakuambia uvunje mila, maana mimi mwenyewe siwezi. Wala sijui ufanyeje na sigara. Nimejaribu kukataza na nimejaribu kuruhusu, na zote zilinichosha. Nikipewa nafasi ya kurudi nyuma, ningefanya jambo dogo tu. Ningekaa kutwa nzima mahali pa Tumpe, nikapiga msasa, nikanywa maji kama nilivyozoea, halafu nione nitayapeleka wapi. Haki yangu niliipimia nikiwa nimekaa kwenye benchi, na kutoka pale kila mtu alionekana anapumzika.

Jumamosi iliyopita mama yako akaniambia mchele wa kumpelekea shangazi niufuate Makwale, kwa Tumpe, eti wa kwao una harufu nzuri zaidi. Mchele upo hadi sokoni hapa. Mama yako alinitazama usoni aliposema, nikachukua gunia nikaenda.

Nilimkuta uani anageuza mpunga kwenye turubai kwa miguu, kanga kiunoni. Amekonda kidogo. Sikuuliza habari za watoto, na kwenye kamba sikuona nguo za mtoto. Alinisalimia kwa Kinyakyusa, salamu ndefu ya adabu, akaniwekea kigoda. Kabla ya kitu kingine chochote akaniletea maji ya kunywa, bakuli zima, kama anavyopewa mgeni. Niliyanywa yote huku amesimama ananisubiri.

Nikamwambia, "Tumpe, mzee amenituma. Anasema pole. Anasema angekuja mwenyewe, lakini wewe unajua."

Akainamisha kichwa. "Mwambie nimeipokea," akasema. "Mwambie ndaga, nashukuru. Yeye sikumlaumu. Alikaa pale alipoonyeshwa pa kukaa."

 Nikanyanyuka kigodani, nikalichukua gunia, nikadhani kazi imekwisha. Akaniacha nilikunjue kwanza.

"Hiyo ni ya mzee," akasema. "Ya kwako iko wapi, Baba Bupe?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza mzigo mwingine umebaki wapi. Na mimi sikuwa nayo, mwanangu. Njia nzima kutoka mjini nilikuwa nimebeba pole ya mtu mwingine, nikajiona nimebeba kitu kizito.

Nikamwambia, "Nilitoboa ule mlango."

"Nilisikia," akasema. "Nilisikia ni mzuri." Akaendelea kunitazama.

Basi nikasema. Nilisema, "Uliniomba mlango nikakucheka. Ulikuwa unateseka mbele ya macho yangu, na mimi nakusifia. Pole, Tumpe. Nisamehe." Sauti ilitoka ya mtu mwenye mafua. Sijawahi kumwambia mtu niliyemwajiri maneno kama hayo, wala mama yako.

Hakuniambia kwamba amenisamehe. Alitazama chini, akasema, "Sogea kidogo, umesimama juu ya mpunga wangu."

Nikasogea.

Asubuhi nitakubebea begi hadi stendi, na najua sitasema kitu. Haya ndiyo niliyokuwa nayo. Baada ya kukupandisha gari nitapitia karakana kwanza, Mzee atakuwa amesimama pale barabarani, nimwambie kwamba nilifika.

Baba yako.